Uchovu wa Kuamua

Somo: Kutoka 18:13–27

Natumaini mmeamka salama, ninyi mlio nyumbani, ninyi mlio safarini, na wewe mama uliyewasha redio jikoni huku ukichunga chai isifurike. Karibuni tuketi pamoja kwa dakika chache kabla siku haijaanza kutuvuta huku na huku.

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya uchovu wa namna moja ambao wengi wetu tunao, lakini hatujaupa jina. Si uchovu wa jembe. Uchovu wa jembe tunaufahamu. Mtu akilima kutwa, mgongo humwambia, naye akioga, akila na kulala, huamka mzima. Uchovu ninaousema humpata hata mtu ambaye hakuinua mzigo wowote. Pengine alikaa kitini tangu asubuhi, lakini jioni akiulizwa, "Leo tupike nini?" huona kama ameambiwa apande Mlima Kenya. Hujibu kwa ukali, au husema, "Chochote," au hunyamaza kimya. Huu ndio uchovu wa kuamua.

Hebu tuhesabu pamoja. Mama anaamka saa kumi na moja alfajiri. Je, awashe gesi, au kwa kuwa mtungi umekaribia kwisha afadhali awashe makaa? Maziwa yaliyobaki yatiwe yote katika chai, au mtoto mdogo awekewe yake? Yule wa gredi ya nne anasema tumbo linamwuma; ni kweli, au leo kuna mtihani? Shilingi mia tatu zilizomo kibetini ni za nauli, za unga, au za ile karatasi ya mwalimu? Anafika steji na kukuta nauli imepandishwa kwa sababu ya mvua. Apande au angoje? Simu inalia, ni mchango wa mazishi. Atoe kiasi gani asionekane mchoyo, na watoto nao wasilale njaa?

Haya yote ni kabla ya saa mbili. Hakuna hata moja ambalo jirani angeliita jambo kubwa. Lakini kila moja limemtaka asimame, apime, achague, kisha abebe lawama ikiwa amechagua vibaya. Naye baba vivyo hivyo, na mwalimu, na muuguzi, na mwenye duka, na mchungaji wa kanisa lako.

Nitawaeleza lililonipata mimi mwenyewe, wala silisemi kwa kujisifu. Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu lilikuwa likijenga, nami nikachaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mchana nilikuwa na kazi yangu ya kawaida, na jioni nilikuwa na kanisa. Tununue mabati ya geji gani? Mchanga utoke mtoni au machimboni? Fundi anadai malipo ya kwanza. Alipwe sasa au amalize ukuta? Madirisha yawe ya chuma au ya mbao? Nani atawapikia vibarua? Hata rangi ya mlango wa choo niliulizwa mimi. Nami, ndugu zangu, nilijiona mtu wa maana sana. Kila aliyekuwa na swali aliambiwa, "Mngoje mwenyekiti."

Usiku mmoja, yapata saa tatu, nilikuwa nimeketi nyumbani hata viatu sijavua. Binti yangu akaja ameshika fomu ya kujiunga na chuo cha ualimu. Akasema, "Baba, hii inatakiwa kurudishwa. Mzazi anatakiwa kutia sahihi, na kuna fedha kidogo za kushika nafasi. Naomba tuizungumzie." Sikuipokea ile karatasi. Nilisema, "Mwaka ujao," nikafumba macho. Binti yangu hakubishana. Aliikunja, akasema, "Haya, Baba," akaenda kulala.

Siku nne baadaye mke wangu aliniuliza, "Mzee, mtoto ulimkatalia kwa sababu gani?" Nikafungua kinywa nimjibu, nikaona sina sababu. Fedha zilikuwako. Nia ya kumsomesha ilikuwako. Kazi ya ualimu mimi mwenyewe naiheshimu. Nilitafuta ile sababu kama mtu anayetafuta ufunguo mifukoni mwake, na haikuwamo. Nikamwita binti yangu upesi, nikamwambia alete fomu nitie sahihi. Akaniambia kwa upole, "Baba, mwisho ulikuwa Ijumaa." Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Alingoja mwaka mzima. Nami tangu siku ile nimejiuliza, ni nani aliyesema "Mwaka ujao"? Haikuwa chuki, wala haikuwa hekima. Ulikuwa uchovu, nao ulinena kwa sauti yangu.

Watu wa elimu wamelichunguza jambo hili. Mwaka 2022 watafiti katika mji wa Paris, huko Ufaransa, walitoa matokeo ya kazi yao. Waliwapa watu kazi za akili kwa muda wa saa 6 hivi, wengine kazi ngumu na wengine kazi nyepesi. Kisha kwa mashine ya hospitali wakapima sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hutusaidia kupima mambo na kujizuia. Kwa wale waliofanya kazi ngumu waliona kemikali iitwayo glutamati imejikusanya mahali hapo kuliko kwa wenzao. Tena watu hao walipopewa nafasi ya kuchagua, walielekea zaidi kwenye malipo ya upesi yasiyo na taabu, kuliko malipo makubwa yanayohitaji kungoja au kujitahidi.

Angalieni jambo hilo. Mtu aliyechoka kuamua haachi kuamua. Anaendelea, ila hushika njia iliyo fupi. Wakati mwingine njia fupi ni kusema "Hapana," ili jambo liondoke mbele ya macho yake. Wakati mwingine ni kusema "Ndiyo" kwa yeyote anayesukuma zaidi, kama vile mtoto anayelia dukani, au rafiki anayetaka kudhaminiwa mkopo. Na wakati mwingine ni kuahirisha bila kutaja siku. Ile "Mwaka ujao" yangu ilikuwa kukataa na kuahirisha kwa pamoja.

Pengine umesikia habari ya mahakimu wa Israeli. Mwaka 2011 ulitolewa uchunguzi wa maamuzi 1,112 ya mahakimu 8 waliosikiliza maombi ya wafungwa, wengi wao wakiomba kuachiliwa kabla ya kifungo kwisha. Mwanzoni mwa kikao, waombaji wapatao 65 katika kila 100 walikubaliwa. Kadiri kikao kilivyoendelea, hesabu ilishuka hadi karibu na sifuri. Mahakimu walipokwisha kula na kupumzika, ikapanda tena hadi 65.

Habari hiyo ilienea dunia nzima. Lakini ni haki niwaambie na upande wa pili. Mwaka huo huo wengine walijibu kwamba wafungwa hawakuletwa pasipo mpango. Wasiokuwa na mawakili mara nyingi walisikilizwa mwishoni, kabla ya mapumziko, na mtu asiye na wakili hushindwa hata mbele ya hakimu asiyechoka. Tena mwaka 2016 maabara 23 zilishirikiana kupima, kwa watu zaidi ya 2,000, lile wazo kwamba nguvu ya nia ni kama akiba inayopungua kila mtu anapojizuia. Tofauti waliyoiona ilikuwa ndogo sana, karibu na kutokuwako. Basi tusiufanye uchovu huu kuwa kisingizio cha kila kosa. Mwanadamu si tangi la maji, hata tuseme limebaki nusu. Lakini kwamba kazi ndefu ya akili huchosha, na kwamba aliyechoka huelekea penye wepesi, hilo kila mzazi alijua kabla ya mashine za Paris.

Na kuna wenzetu ambao mzigo huu huwaelemea kuliko wengine. Mwaka 2013 ulitolewa uchunguzi wa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, huko India. Wakulima hao hupata fedha zao baada ya mavuno, hivi kwamba mtu yule yule ni maskini kabla ya kuvuna, na baada ya kuvuna ana nafuu. Walipimwa uwezo wa kufikiri mara mbili, kabla na baada ya mavuno. Mkulima yule yule alifanya vibaya zaidi alipokuwa katika dhiki kuliko alipokuwa na fedha. Akili yake haikubadilika katika miezi hiyo michache. Watafiti walisema ilikuwa imeshikwa na hesabu za kukosa.

Ndugu msikilizaji, nataka uliwaze hilo kabla hujasema juu ya jirani yako, "Huyu ni maskini kwa sababu hajui kupanga." Mwenye kabati lililojaa hachagui baina ya unga na dawa ya mtoto. Mwenye kibeti kitupu huchagua hivyo kila siku, na baada ya uamuzi wa namna hiyo bado kuna mwingine unaomngoja mlangoni.

Sasa tumtazame Musa. Watu wamekwisha kuvuka Bahari ya Shamu, wako jangwani, na mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, amekuja kumtembelea. Siku ya pili mzee huyu aliketi akatazama. Alimwona Musa ameketi peke yake akiamua mashauri, na watu wamesimama kumzunguka tangu asubuhi hata jioni. Alipoulizwa, Musa alikuwa na jibu zuri, hata la kiroho: watu wanakuja kwake kumwuliza Mungu. Lakini Yethro hakuridhika. Alimwambia waziwazi kwamba jambo hilo si jema, maana litamchosha yeye pamoja na watu wenyewe.

Angalieni vizuri yale ambayo Yethro hakuyasema. Hakusema imani ya Musa imepungua. Hakumwambia aongeze bidii. Hakumwita mvivu. Alitazama jinsi kazi ilivyopangwa, akaona kwamba kosa liko katika mpango. Akatoa mashauri mawili. La kwanza, watu wafundishwe sheria na njia, ili mambo yanayojulikana yasihitaji kuulizwa kila mara. La pili, wachaguliwe watu waaminifu, wanaomcha Mungu na kuchukia rushwa, wawe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Madogo wayaamue wao, na makubwa yaletwe kwa Musa.

Tena Yethro alisema kwamba hata watu wangechoka. Kwa miaka mingi nilisoma sura ile nikimwonea huruma Musa tu. Sikuwafikiria wale waliosimama juani wakingoja zamu. Siku hizi, nikiisoma, namwona binti yangu katika ule mstari. Alingoja hadi saa tatu za usiku ili nimalize kuamua habari za mchanga na rangi ya mlango, na zamu yake ilipofika, mwamuzi alikuwa amekwisha kufumba macho.

Basi, tufanyeje? Nina mashauri manne, nayo si mageni.

Kwanza, yale yanayorudi kila siku, yaamue mara moja. Panga chakula cha juma, kama vile Jumatatu githeri, Jumanne ugali na sukuma wiki, Jumatano ndengu, na kuendelea, ili swali la "Tupike nini?" lisikungojee kila jioni. Mwanzoni mwa mwezi tenga kiasi cha michango, na kikiisha, useme kwa amani kwamba kimekwisha. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alimweleza mwandishi mmoja mwaka 2012, alipokuwa Rais wa Marekani, kwamba alivaa suti za kijivu au za buluu tu, kwa sababu alikuwa na maamuzi mengine mengi mno. Watoto wetu wenye sare ya shule hawana shida hiyo. Hayo ndiyo shauri la kwanza la Yethro, maana sheria njema humpunguzia mtu maswali.

Pili, gawa. Mtoto wa miaka kumi aweza kuamua mboga ya Jumamosi. Kijana aweza kusimamia hesabu ya maji na stima. Lakini ukimkabidhi mtu jambo, umwachie kweli. Ukimpa kazi kisha ukadai akuulize kila hatua, hujagawa kitu. Umejiongezea mtu wa kuulizwa naye. Na ninyi wazee wa kanisa, naomba msikie. Kama mchungaji wenu ndiye anayeamua viti vikodishwe wapi na nani alete maua, msishangae siku mjane atakapomjia na jambo zito akakuta macho yamechoka.

Tatu, yape mambo makubwa saa njema. Usitie sahihi hati ya shamba usiku. Usimjibu mtoto habari ya maisha yake ukiwa na njaa. Wala hii si kusema uahirishe kama nilivyoahirisha mimi. Mtu akikujia saa mbaya, mwambie, "Nimekusikia. Leo nimechoka, sitakujibu vizuri. Kesho baada ya chai ya asubuhi tutaketi." Kisha uketi kweli. Neno "kesho baada ya chai" lina saa yake, na mtoto aweza kulala nalo. Mkumbuke nabii Eliya, aliyelala chini ya mti jangwani akitaka kufa. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena, ndipo safari ikaendelea.

Nne, ujue kutosheka. Mtaalamu Herbert Simon wa Marekani, aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alieleza tangu miaka ya 1950 kwamba mwanadamu hawezi kupima kila njia iliyopo duniani. Hutafuta mpaka apate inayotosha, kisha hushika hiyo. Kwa mke au mume, kwa shule, kwa shamba, pima sana. Lakini kwa ndoo, kwa soksi, kwa biskuti za wageni, kinachotosha kinatosha. Usizunguke soko lote kwa shilingi kumi, kisha ufike nyumbani huna uvumilivu wa kumsikiliza mzee wako.

Neno moja zaidi. Kama uchovu wako hauishi hata ukipumzika, kama hulali majuma mengi, huna furaha ya lolote, au unawaza kwamba afadhali usiwepo, huo si uchovu tunaouzungumza leo. Usiuvumilie kwa siri. Mwambie mtu unayemwamini, tena uende hospitali kama ungeenda kwa malaria. Kufanya hivyo si upungufu wa imani.

Huenda mtauliza yaliyokuwa baadaye. Ile Jumapili, binti yangu alipotoka chumbani, mke wangu aliniuliza swali lingine: "Na hao wazee wenzako katika kamati, wao kazi yao ni nini?" Sikuwa na jibu. Hakuwa kuhani wa Midiani, lakini alikuwa ameketi akatazama. Juma lililofuata nilikwenda kwa kamati nikagawa kazi: mmoja mafundi, mmoja vifaa, mmoja hesabu, na akina mama mambo ya chakula. Yaliyobaki kwangu yalikuwa machache, nami nilianza kufika nyumbani watoto hawajalala.

Binti yangu aliingia chuoni mwaka uliofuata, na leo anafundisha. Nilimwomba msamaha, naye alinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Lakini mwaka ule haukurudi, na sitawaambia kwamba ulirudi.

Kanisa nalo lilikwisha. Siku ya kulifungua nilizunguka nikitazama, nikaufikia mlango wa choo. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijani. Sikuwa nimeulizwa, na mpaka leo sijui ni nani aliyechagua. Unafunga vizuri.

Tuombe. Ee Bwana, wewe huchoki wala husinzii, lakini sisi tu mavumbi. Utupe unyenyekevu wa kugawa mizigo yetu, na hekima ya kujua lililo kubwa na lililo dogo. Uwakumbuke leo wale wanaochagua baina ya unga na dawa. Utulinde, tusimjibu mtu wako kwa sauti ya uchovu wetu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu, Amina.

Mungu awabariki, na siku yenu iwe njema. Kwaherini.